Jinsi ya kufanya kompyuta ichague kwa bahati ila nafasi zisilingane

Tuseme unatengeneza gemu, mchezaji akifungua boksi apate zawadi: shaba 70 kwa 100, fedha 25, dhahabu 5. Ukitumia random.choice ya Python (lugha ya kuandikia programu) hivihivi kila moja inapata theluthi, yani dhahabu zitazagaa kama karanga.

Cha kufanya, jumlisha ukipanda: 70, ukiongeza 25 unapata 95, ukiongeza 5 unapata 100. Shaba imekaa 0 mpaka 70, fedha inaanzia hapo mpaka 95, kilichobaki ni cha dhahabu. Halafu vuta namba, r = random.random() * 100, uone imeangukia wapi: if r < 70 ni shaba, elif (yani "la sivyo, kama") r < 95 ni fedha, else dhahabu.

Sasa jamani hiyo r ivutwe MARA MOJA tu. Wengi wanaita random.random() upya kwenye elif, na programu inakubali, haileti error yoyote, ila hesabu imeshaharibika, maana zinazofika kwenye elif ni zile 30 zilizokosa shaba na namba mpya inazipa fedha 95 kwa 100, kwa hiyo fedha inapanda mpaka 28.5 na dhahabu inabaki 1.5. Uliahidi 5! Kama mtu kalipia hilo boksi huo ni wizi kabisa, hata kama hukukusudia.

Kuanzia Python 3.6 kuna njia fupi: random.choices(zawadi, weights=[70, 25, 5])[0]. Hapo zawadi ni listi ya shaba, fedha na dhahabu. Hiyo [0] usiisahau, maana choices inarudisha listi, na [0] inachukua cha kwanza ndani yake. Na uzito si lazima ufike 100, hata [14, 5, 1] inatoa kitu kilekile.

Ukimaliza pima, usiamini macho. Zungusha mara 100,000 uhesabu, dhahabu ije karibu na 5,000, ikicheza kati ya 4,800 na 5,200 hivi iko poa, ukiona 1,500 rudi kwenye elif zako.

Na kama kuna hela ya kweli humo ndani tumia random.SystemRandom().choices, inayovuta namba kutoka kwenye mfumo wa kompyuta wenyewe, kwa sababu random ya kawaida inaendeshwa na Mersenne Twister, yani fomula ya kuzalisha namba, na mtu akipata namba zake 624 mfululizo za biti 32 anaweza kukokotoa zote zinazofuata.