Mtoto kamaliza zoezi kabla ya wenzie, sasa umpe nini?

Kuna kosa tunalifanya sana, walimu na wazazi wote. Mtoto akimaliza maswali kumi mapema tunamwambia haya, fanya mengine kumi. Hiyo ni adhabu jamani! Anajifunza haraka kwamba ukiwahi unaongezewa mzigo, basi anaanza kujivuta makusudi. Anachohitaji ni kazi ya aina nyingine.

Kwanza mjue mwenye kipaji ni nani, na usiangalie matokeo ya mtihani peke yake, maana anayeshika namba moja kila muhula anaweza kuwa mchapakazi tu (hakuna ubaya) halafu kipanga mwenyewe ni yule anayechorachora nyuma ya daftari na kuuliza maswali yanayokukera, au yule anayesoma kwa shida lakini akieleza kwa mdomo unabaki umeduwaa. Joseph Renzulli, mtaalamu wa elimu wa Marekani, mwaka 1978 alisema tutazame vitu vitatu vikikutana: uwezo juu ya wastani, ubunifu, na kung'ang'ania kazi. Vipimo vya akili (IQ) navyo huwaacha watu wenye uwezo. Mwanasaikolojia Lewis Terman alipoanza kukusanya watoto wenye IQ ya juu kule California 1921 ili awafuatilie, mtoto William Shockley alipimwa akaachwa, na ndo huyohuyo akabeba Nobel ya fizikia 1956.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya mada mpya mpe jaribio la mwisho wa mada hiyohiyo. Alivyovijua aviruke, alipokosa akae na wenzake, na ule muda uliookolewa ndo unaingiza kazi nzito. Kama kutunga jaribio unaona mlolongo, chagua maswali matano magumu kuliko yote kwenye zoezi, anayetaka aanze na hayo, akipata manne bila kusaidiwa zoezi limeisha kwake. Tangazia darasa zima, usimpe mmoja kwa siri, utashangaa nani kajitokeza.

Kazi nzito sio lazima iwe ya darasa la juu. Badala ya maswali ishirini ya kujumlisha sehemu mwambie hivi: 3 na 3/2 ukijumlisha unapata 4½, ukizidisha unapata 4½, nitafutie nyingine za hivyo, halafu nieleze kwa nini inatokea. Hapo hata wewe utakaa chini kidogo.

Na usimfanye mwalimu msaidizi kila siku. Mara mojamoja sawa, ila naye kaja kusoma.

Kurushwa darasa kunaogopwa kupita kiasi, wakati tafiti nyingi zinaonyesha wengi wanaorushwa kwa kupimwa vizuri wanafanya vizuri tu na marafiki wanapata. Kama kipaji kiko kwenye hesabu tu basi aende darasa la juu kipindi cha hesabu, kikiisha arudi. Muulize mwenyewe kama anataka, hakikisha mwalimu anayempokea hajalazimishwa, mpangie wiki kadhaa za majaribio na mkubaliane kabisa kwamba kurudi sio kufeli. Halafu usishtuke mtoto wa miaka 8 anayesoma vitabu vya wakubwa akaangua kilio kwa kushindwa mchezo, akili imekimbia lakini moyo bado una miaka 8, mfute machozi mwendelee.