Somo: Kuamua kama urudie mtihani wa GRE au utume alama ulizonazo

Assalaam aleikum. Matokeo ya GRE, mtihani unaotakiwa na baadhi ya vyuo vikuu vya nje kwa wanaoomba shahada za juu, yanapotoka, wengi wetu huzilinganisha alama na za jamaa aliyetutangulia, na papo hapo tunaamua kurudia. Ada ni dola 220 za Kimarekani, yaani zaidi ya shilingi laki tano, na kwa anayelazimika kuvuka bahari kwenda kwenye kituo cha mtihani huongezeka nauli ya boti na malazi. Fedha hizo kwa familia nyingi za Unguja na Pemba hazipatikani kwa urahisi, kwa hiyo nawaomba uamuzi huu mfuate hatua zifuatazo kabla ya kulipa.

Hatua ya kwanza: soma masharti ya idara

Usitosheke na ukurasa wa mbele wa chuo, kwani anayekuchagua ni idara. Tangu mwaka 2020 idara nyingi za Marekani zimeacha kuidai GRE. Nyengine zimeifanya hiari, na nyengine hazizisomi alama hata ukizituma. Ikiwa idara unazoziomba ni za aina hiyo ya mwisho, suala la kurudia limekwisha, na muda wako uende kwenye barua ya maombi na kwa walimu watakaokuandikia mapendekezo.

Hatua ya pili: zisome alama zenyewe

Lugha na hisabati hupimwa kila moja kwa alama 130 hadi 170, na uandishi kwa 0 hadi 6, kwa nusu nusu. Pamoja na alama huoneshwa asilimia ya watahiniwa waliopata chini yako, na hiyo ndiyo ya kuitazama zaidi, kwa sababu alama 160 ya lugha huwapita watahiniwa wengi kuliko alama 160 ya hisabati. Anayeomba uchumi au takwimu ataulizwa hisabati. Anayeomba historia atatazamwa zaidi lugha na uandishi. Aidha, mtu yule yule, kwa ujuzi ule ule, anaweza kupata 156 leo na 158 siku nyengine, kwa hiyo kurudia kwa ajili ya alama mbili sikushauri hata kidogo, isipokuwa idara imeweka kiwango maalumu na wewe umekikosa kwa alama hizo.

Hatua ya tatu: tafuta sababu

Hapa ndipo panapohitaji ukweli wa nafsi. Chukua matokeo ya majaribio uliyoyafanya nyumbani kwa muda kamili, hasa yale mawili ya bure ya POWERPREP yanayotolewa na ETS, taasisi inayoutunga mtihani huu, uyalinganishe na alama za mtihani wenyewe. Kama majaribio yalikuwa yakikupa 162 na mtihani ukakupa 155, basi kuna kilichokwama siku ile: homa, usingizi, umeme, au wasiwasi. Mtu huyo ana sababu nzuri ya kurudia. Lakini kama majaribio na mtihani vimelingana, hicho ndicho kiwango chako cha sasa, na kurudi baada ya mwezi bila kusoma upya kutakupa alama zile zile.

Tazama pia namna ulivyoutumia muda. Hisabati ina maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Lugha ina 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Ugumu wa sehemu ya pili hutegemea ulivyofanya ya kwanza, na ndani ya sehemu kila swali lina uzito sawa, wala jibu la makosa halikatwi alama. Aliyeganda kwenye swali moja kwa dakika nne, kisha akaacha mengine matupu, amepoteza alama ambazo mazoezi ya wiki chache yanaweza kuzirejesha.

Udhaifu wa msingi hauponi haraka namna hiyo. Waliosoma HKL au HGL, michepuo ya historia na lugha ya kidato cha tano na sita, mara nyingi wameiachia hisabati kidato cha nne, na asilimia, uwezekano na jometri vinahitaji kufundishwa upya kwa miezi. Msamiati wa Kiingereza nao huja kwa kusoma maandiko marefu kila siku. Orodha ya maneno iliyokaririwa usiku haisaidii sana.

Hatua ya nne: tazama kalenda

Ni lazima zipite siku 21 baina ya mtihani na mtihani, na hairuhusiwi kufanya zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Matokeo rasmi hutoka baada ya siku 8 hadi 10. Maombi mengi hufungwa Disemba na Januari, kwa hiyo anayetaka kurudia Novemba ajue kwamba atakuwa akiandika maombi na kusoma kwa wakati mmoja.

Masuala ya wanachama

Suala (Wete): Maalim, nikirudia, chuo kitaziona alama za mwanzo?

Jibu: Si lazima, ndugu yangu. ETS inakuruhusu kuchagua matokeo ya mtihani upi yatumwe. Kilichopangwa ni kwamba huwezi kuchukua lugha ya mara ya kwanza na hisabati ya mara ya pili ukazituma kama mtihani mmoja. Ziko idara ambazo, ukiwatumia matokeo yote mawili, huchukua zenyewe alama ya juu ya kila upande, waandikie uwaulize.

Suala (Mwanakwerekwe): Nataka kufanyia nyumbani mara hii. Nichunge nini?

Jibu: Uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, kwa kompyuta yenye kamera; simu na tableti hazikubaliwi. Karatasi ya kawaida pia hairuhusiwi: tumia ubao mdogo mweupe, au karatasi iliyotiwa ndani ya plastiki inayoonesha, na kalamu inayofutika. Kompyuta iwe na chaji kamili na kifaa cha intaneti kiwe na umeme wa akiba, na ujaribu vyote siku ya kabla kwa saa ile ile ya mtihani. Majina unayojisajilia yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, maana wengi wetu hutumia majina matatu skuli na mawili kwengineko.

Suala (Chake Chake): Maalim, nilifanya kabla mtihani haujafupishwa Septemba 2023. Alama zangu bado zinafaa?

Jibu: Zinafaa ikiwa haijapita miaka mitano tangu siku uliyofanya. Kipimo cha alama hakikubadilika. Lakini hesabu hadi tarehe ambayo idara itazipokea, kwani alama zilizomaliza muda wake ETS haizitumi, na hapo itakubidi ufanye tena hata kama zilikuwa nzuri.