Namna ya Kudai Fidia Ukiumia Kazini Tanzania

Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, mfanyakazi aliyepata ajali akiwa kazini halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri wake alizembea. Anachopaswa kufanya ni kutoa taarifa kwa mwajiri au msimamizi mapema iwezekanavyo, na ijapokuwa taarifa ya mdomo hukubalika, ni salama zaidi kuiandika, ukitaja siku, saa, mahali na majina ya walioshuhudia, kisha ubaki na nakala. Hospitalini, mweleze daktari waziwazi kwamba uliumia kazini, kwa sababu maelezo yake ndiyo yatakayobeba madai yako. Wengi hunyamaza wakiogopa kufukuzwa, na hofu hiyo huwanyima haki familia zao.

Mwajiri anatakiwa kuuarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7. Akikaa kimya, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya Mfuko, au umtume ndugu au chama chako cha wafanyakazi, kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali.

Michango ya Mfuko hulipwa na mwajiri peke yake, hivyo asiikate kwenye mshahara wako.