Kupiga nyimbo za asili na za kwenu laivu mkiwa watatu tu, uzoefu wa Tabora

Sisi tuko watatu hapa Tabora, mmoja zeze, mmoja gitaa kavu, mimi ngoma na manyanga, kuimba tunaimba wote. Vijana wananiuliza sana tunachanganyaje nyimbo za wazee na za kwetu, kwaiyo naandika hapa.

Kwanza gitaa ndo linafuata zeze, sio zeze lifuate gitaa. Wengi wanaharibia hapa, wanawasha ile tuna ya kwenye simu, programu ya kupimia sauti za nyuzi, wanavuta zeze mpaka likae kama kinanda halafu wanashangaa mbona wimbo wa bibi umepoa. Mwacheni mpiga zeze alitengeneze kwa sauti ya anayeimba, akisharidhika ndo mwenye gitaa alegeze au akaze kidogo kidogo mpaka wakutane, na noti inayogombana na zeze gitaa liiache kabisa. Kwenye nyimbo za asili gitaa letu linagonga nyuzi mbili tu za chini, na inatosha jamani.

Ngoma masika ngozi inalegea, ioteshe moto wa nyasi kavu kabla hamjapanda jukwaani, geuza geuza, usiisogeze sana itapasuka. Ukigonga kwa kidole pembeni na ikajibu kavu, tayari. Siku moja tulipuuza hilo kwenye harusi, ngoma ikawa inalia kama debe lenye maji, shughuli nzima mimi nimekaa na manyanga tu.

Wimbo wa asili ujifunze pamoja na kazi yake. Tulikuwa na wimbo wa kulimia tunaupiga mbio mbio, watu wanacheza, tukajua tumemaliza. Tukaenda wilaya ya Uyui kwa mzee mmoja tukamuimbia, akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Wajukuu zangu, huo wimbo mnaimba kama hamjawahi kulima." Akatupeleka shambani, akatupa majembe. Pale ndo nikaelewa, pumzi unavuta jembe likipanda, na neno zito linatua na jembe ardhini, ukikimbiza hupati pa kupumulia. Tangu siku hiyo tunaupiga taratibu na watu wanaitikia zaidi kuliko zamani.

Ukimrekodi mzee kwa simu omba ruhusa kwake kwanza, uliza wimbo ni wa wapi na unaimbwa lini, na jukwaani mtaje. Usije ukajiandika mtunzi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda sanaa za jadi, na hata ingekuwa hailindi ule sio wako.

Kutunga sasa. Msichukue maneno ya wazee mkayabandika juu ya gitaa, chukueni namna ya kuitikiana, mmoja anaita wawili wanajibu, halafu semeni ya kwenu, tumbaku, asali, kijana anayesubiri treni stesheni na begi lake moja. Gitaa kwenye mji uliokuwa na bendi ya Tabora Jazz sio geni, hamna haja ya kuliombea radhi.

Laivu sisi tunaanza na wimbo wa asili mtupu, bila maiki, watu wanyamaze wasikie kibuyu cha zeze. Nawasalimia kwa Kinyamwezi "Mwangaluka!", wakiitikia tunaendelea. Halafu pale pa kuunganisha, wimbo wetu unapoisha gitaa na sauti vinakaa kimya ila ngoma haisimami, nabaki peke yangu kama nusu dakika, nashusha mwendo polepole mpaka nifike mwendo wa jembe, mpiga zeze anaingia na ule wa kulimia. Hapo fanyeni mazoezi hasa, sisi ilituchukua wiki mbili nzima, maana ukishusha ghafla watu wanadhani mmekosea.

Fundi mitambo mwambieni mapema atoe mwangwi, maiki ya zeze ikae kama shibri moja kutoka kwenye mdomo wa kibuyu, ikisogea karibu zaidi inapiga mluzi. Ngoma kwenye ukumbi mdogo haihitaji maiki.

Wimbo wa mwisho shukeni chini, mpiga zeze katikati, ngoma nyuma yake, na yule mama wa mbele aliyekuwa anaimba tangu mwanzo mpeni aite yeye, nyie muitikie.