Kapasita yako ya kompyuta ni safi mno

Mafundi wa pawasaplai za swichi, kabla hujaamini mawimbi ya volti unayoyaona kwenye LTspice, programu ya kompyuta ya kuigiza saketi, tazama ulivyoiweka kapasita ya upande wa kutoka. Ikiwa umeandika maikrofaradi 220 tu, umedanganywa.

Chukua saketi ya kushusha volti 12 hadi 5, kilohezi 150, koili ya maikrohenri 33. Mkondo kwenye koili unapanda na kushuka kama ampea 0.6. Kapasita isiyo na dosari itakuonyesha volti ya kutoka ikipanda na kushuka milivolti 2 na kidogo. Bofya kapasita kwa kitufe cha kulia, jaza ukinzani wa ndani om 0.1: sasa ni karibu milivolti 60. Jaribu na om 0.3 pia, maana joto la Mombasa ndani ya boksi lililofungwa hukausha kapasita za elektroliti, na ukinzani huo hupanda. Kapasita iliyong'olewa kwenye bodi ya TV kuukuu ndiyo usiseme.

Ongeza nanohenri 10 kwa miguu ya kapasita, na pikofaradi 20 sambamba na koili; bila hizo, miiba, yaani volti inayoruka ghafla kila swichi inapogeuka, haitoki sawasawa.

Kisha andika amri ya .tran 0 6m 5m 10n, uone milisekunde ya mwisho tu, saketi ikishatulia. Weka na .options plotwinsize=0, la sivyo programu itabana data na kulainisha miiba yenyewe.

Kapasita ya kauri ya maikrofaradi 10 ikiwa ndogo kwa umbo, ihesabu nusu: volti 5 huipunguzia uwezo.