Kabla daktari wa mtandaoni hajapiga simu

Nafasi ya kuonana bure na daktari kwa video ni fupi, na nyingi huishia kwa "subiri nitafute". Weka karibu pakiti za dawa zote unazomeza, hata za kienyeji, usome jina na miligramu. Upele upige picha mchana karibu na mlango, bila flashi, sarafu ikiwa kando ili ukubwa uonekane.

Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha utakosea, maana watoto hawapumui kwa mpangilio. Pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za kasi. Mwambie daktari mapema. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, achana na simu, mkimbize hospitali.

Homa ya huku kwetu Kisumu, Siaya au Busia haitambuliki kwa maelezo tu: malaria hupimwa kwa tone la damu. Mhudumu wa afya ya jamii mara nyingi huwa na kipimo, zahanati pia. Ukiandikiwa dawa ya malaria bila kupimwa, uliza kwa nini.