Jinsi ya kuitetea The Cable Guy mbele ya wanaoiponda

Usianze na "nyie hamjaielewa". Hapo mjadala umeshakufa. Anza kwa kukubali: filamu hii ya 1996, iliyoongozwa na Ben Stiller, inakera, na mchekeshaji Jim Carrey anapitiliza makusudi. Kisha eleza kwa nini ilipondwa. Carrey alilipwa dola milioni 20, watu wakaja kucheka kama walivyozoea, wakamkuta akiwa fundi wa televisheni ya kebo anayemganda mteja wake, Steven, mpaka anamvurugia kazi na mapenzi.

Hoja iegemee kwenye matukio, si sifa. Lenye nguvu kuliko yote ni kesi ya nyota wa zamani wa televisheni anayeshtakiwa kumuua pacha wake. Inajitokeza kwenye runinga tangu mwanzo, na mapacha wote wawili ni Stiller mwenyewe. Mwishoni hukumu inataka kusomwa, fundi anajiachia na kuangukia dishi kubwa la setilaiti, matangazo yanakatika, na mtazamaji mmoja, kwa kukosa la kufanya, anachukua kitabu. Waonyeshe kipande hicho. Fundi amelelewa na runinga, na waliokodolea macho kesi ile hawana tofauti kubwa naye.

Wakikuambia ilianguka sokoni, wajibu kuwa duniani kote iliingiza zaidi ya dola milioni 100. Ila usitetee kila kitu: mapenzi ya Steven na mpenzi wake Robin yamepwaya, na ukibisha hilo hawatakusikiliza kwenye mengine.